Nta Masikioni mwa Bibi Lecacheux

Ijumaa ile Mathurine Lecacheux alipanda ngazi sabini na mbili za roshani ya kinanda mara tatu kabla hajatia hata kahawa kinywani, na wala hakuwa na shughuli yoyote huko juu. Ilikuwa furaha tu iliyompandisha na kumshusha. Chini, katika kanisa la Saint-Évode, okestra ya mji wa Rouen ilikuwa ikiingia: watu sabini na fidla zao na tarumbeta zao, ngoma kubwa za shaba zikisukumwa kwa magurudumu mpaka mbele ya altare. Walikuja kucheza naye. Mwanamke wa miaka sitini na mmoja, aliyepiga kinanda cha mabomba cha kanisa hilo kwa miaka thelathini na minne, ndoa baada ya ndoa, mazishi baada ya mazishi, peke yake huko juu huku watu wamempa mgongo, safari hii angecheza na okestra nzima. Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Ni kweli, ila yeye kutunzwa kwake kulichukua muda.

Simfoni yenyewe aliigundua yeye, kabatini nyuma ya kinanda, chini ya vitabu vya nyimbo vilivyotafunwa na panya. Iliandikwa na Anselme Hautot, mpiga kinanda wa zamani wa Saint-Évode, kwa ajili ya kinanda hichohicho na okestra. Ilichezwa mara moja tu, mwaka 1911, na watu wa Rouen, ambao kwa kucheka hawajambo, wakacheka. Kinanda kilifika nyuma ya okestra ukurasa hadi ukurasa, kama mzee anayekimbilia tramu. Hautot hakuandika tena hata wimbo wa Krismasi. Karibu na mwisho wa nota zake, pale ambapo wote wananyamaza kwa mapigo manne kisha wanaingia pamoja kwa nguvu zao zote, alikuwa ameandika kwa penseli neno moja: "Nilisubiri." Mathurine alidhani mzee alisubiri sifa zisizokuja. Akamwonea huruma, akaiandikia ofisi ya okestra barua miaka kumi na mmoja mfululizo, mpaka wakachoka naye wakakubali.

Saa nne mazoezi yakaanza. Mpiga kinanda hukaa akiwapa watu mgongo kama wao wanavyompa yeye, kwa hiyo alifungiwa skrini ndogo juu ya vibao vya kinanda, na ndani yake akamwona Aurélien Vasseur, mwongozaji wa okestra, bwana mrefu mpole, akiinua fimbo yake huko chini, mita sitini kutoka alipokaa. Okestra ikaanza. Mathurine alisisimka mpaka nywele za mikono zikasimama. Akaisikiliza, akaingia nayo, akacheza kwa moyo wake wote.

Fimbo ikasimama. Sauti ya Vasseur ikatoka kwenye kispika kilichokuwa karibu na goti lake.

"Bibi Lecacheux, umechelewa."

"Nani, mimi? Niko nao sambamba!"

"Huko juu labda. Huku chini umechelewa. Tunarudia."

Wakarudia. "Bado, mama," alisema Vasseur.

"Basi waambie hao wa fidla waache kukimbia! Wameacha majiko yakiwaka nyumbani?"

"Kawia ufike, bibi!" mpiga tromboni mmoja akapaza sauti, na kicheko kikaenda kwenye viti vya okestra kuanzia mbele hadi nyuma. Kicheko cha Rouen kilekile. Mathurine akakisikia, na uso ukamwaka moto.

Mara ya sita Vasseur alishusha fimbo na kujipangusa jasho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma. "Bibi, nakuheshimu sana. Lakini kesho ni mazoezi ya mwisho. Ikishindikana, Jumapili nitaleta kinanda cha umeme, kikae hapa chini kando yangu. Nina mtu wa kukipiga."

Kinanda cha umeme, chenye vispika, ndani ya Saint-Évode, chini ya mabomba elfu tatu ya kweli! Kwa Mathurine ilikuwa sawa na kupeleka maua ya plastiki kwenye mazishi ya mama yako. Akashuka ngazi bila kuaga mtu.

Firmin alimkuta nje akimtukana njiwa. Firmin Lecacheux alikuwa mdogo wa marehemu mumewe na fundi wa kinanda hicho, mtu wa miaka sabini kasoro, aliyemvutia vishikio vya kubadilishia sauti na kumfungulia kurasa kila palipokuwa na jambo kubwa.

"Shemeji, njoo," alisema. "Nikuonyeshe kitu."

"Nionyeshe mtu mwenye masikio, basi. Hao wote ni viziwi."

Akampeleka mpaka ukingo wa mto Seine. Ng'ambo, kwenye gati, mfanyakazi mmoja alikuwa akigongelea nguzo ya chuma kwa nyundo kubwa. Nyundo ikashuka. Kimya. Kisha ndipo mlio ukawafikia.

"Hayo nayajua toka shule," alisema Mathurine. "Sauti husafiri polepole."

"Wewe unajua. Masikio yako hayajui. Unaisikia okestra ikiwa imeshachelewa kukufikia, unaifuata, na sauti yako nayo inachelewa kurudi. Kuchelewa mara mbili. Ukitaka kufika pamoja na yule mwenye nyundo, mwangalie tu. Akianza kuishusha nyundo, wewe piga. Usingoje mlio."

Mathurine akatazama nyundo ikipanda na kushuka mara nne, mara tano. Halafu akamshika shemejiye mkono kwa nguvu mpaka yule mzee akaguna.

"Firmin! Nilisubiri! Yule mzee hakusubiri sifa. Alisubiri kusikia!"

Walirudi wakikaribia kukimbia.

Lakini kuelewa ni kitu kimoja na masikio ni kitu kingine. Jumamosi Mathurine alikodolea macho skrini, akapiga kabla fimbo haijafika chini, na kurasa mbili za kwanza zikaenda vizuri. Ila yeye alisikia nini? Alisikia fujo. Okestra ilimjia nyuma, ikijikokota, kila fidla imechelewa, na masikio ya mtu aliyeishi kwa masikio miaka thelathini na minne yakakataa katakata. Yakamvuta. Akapunguza kidogo, akawangoja, na mara wakawa wameachana tena. Fimbo ikasimama.

"Dakika tano," Mathurine akaomba.

Firmin akaingiza mkono mfukoni, akatoa kikopo kidogo cha bati. Ndani mlikuwa na vidonge vya nta, vile vya duka la dawa, ambavyo yeye hujiziba navyo masikio anapotengeneza mabomba ya tarumbeta, yale yanayopiga kelele za kuua mtu.

"Wewe una wazimu," alisema Mathurine. "Mpiga kinanda azibe masikio? Na mpishi naye akatwe ulimi?"

"Kinanda unakijua kuliko mfuko wa aproni yako. Unahitaji kukisikia cha nini?"

Akamtazama kwa hasira. Kisha akachukua vidonge viwili, akavifinyafinya mpaka vikalainika, akaziba.

Dunia ikafifia. Zikabaki skrini na fimbo, na ngurumo ya mabomba makubwa ikimpanda kutoka kwenye benchi. Akacheza. Ukurasa wa kumi, ishirini, arobaini. Kile kimya cha mapigo manne kikaja, fimbo ikaanza kushuka, akapiga. Alipoinua kichwa mwishoni, katika skrini waliokuwa wakipiga fidla walikuwa wakigongagonga stendi za nota kwa fimbo za fidla zao, ishara yao ya kumpa mtu heko, na Vasseur alikuwa akirukaruka kama mtoto. Yule wa tromboni alisimama akainama mpaka magotini.

Firmin alimsogelea akatoa kidonge kimoja. "Vasseur amesema anapiga simu kulifuta lile dude la umeme."

"Kuhusu nta," alisema Mathurine, "ukimwambia mtu yeyote nitakuzika ndani ya bomba."

Jumapili saa kumi na moja jioni Saint-Évode ilijaa mpaka watu wakakaa juu ya makoti yao sakafuni. Walikuja wauza jibini wa sokoni, walikuja wenye mashela ya hariri, alikuja hata kadinali mstaafu aliyekuwa akilala kwenye kila misa na ambaye safari hii alionekana yuko macho. Mathurine alivaa viatu vyake vya kinanda, vya soli nyembamba, akaziba masikio, akafanya ishara ya msalaba. Moyo ulimdunda kiasi kwamba, kwa kuwa hakusikia kingine, aliusikia huo.

Sehemu ya kwanza ikapita kama moto kwenye nyasi kavu. Firmin alivuta vishikio, akafungua kurasa, akatabasamu mpaka meno ya dhahabu yakaonekana. Mathurine akayaona katika tabasamu lile yote ambayo masikio yake yalikuwa yakiyakosa.

Na hapo ndipo alipoharibu. Katika sehemu ya pili kuna kurasa nne ambazo kinanda kinanyamaza na fidla zinacheza peke yazo. Hautot aliziandika taratibu sana. Kwenye karatasi tu zilikuwa zikimliza Mathurine kwa miaka kumi na mmoja. Sasa zilikuwa zikichezwa, fidla zote kwa wakati mmoja, ndani ya kanisa lake, na yeye alikuwa kiziwi. Nani angestahimili? Akatoa kidonge cha sikio la kulia.

Ee Mungu! Sauti ilipanda kutoka huko chini, ikazunguka nguzo, ikamjaa. Akasahau skrini, akasahau Firmin, machozi yakamtoka waziwazi. Kurasa nne zilikwisha kabla hajatosheka. Firmin akamgonga begani. Mathurine akashtuka, vidole vikamcheza, na kidonge kikamponyoka, kikadunda kwenye benchi, kikapotelea chini kati ya vibao vya miguu.

Sehemu ya tatu ilianza bila kupumzika, maana ndivyo Hautot alivyotaka. Firmin alipiga magoti, akapapasa, lakini viatu vya Mathurine vilikuwa tayari vimeanza kazi huko chini na nusura vimvunje kidole. Sikio la kulia likaanza lile lile la Jumamosi: okestra imechelewa, wangoje, wangoje kidogo. Mathurine alihisi mikono ikiwa mizito. Akaona katika skrini nyusi za Vasseur zikipanda.

"Sikio!" akafoka. "Firmin, sikio!"

Firmin akaacha kupapasa. Akasimama, akamtia kidole cha shahada cha mkono wa kushoto sikioni, mpaka kikakwama, na kwa mkono wa kulia akaendelea kufungua kurasa na kuvuta vishikio. Vya upande wa kushoto Mathurine alivivuta mwenyewe, na kila alipoinama mzee yule aliinama naye, kidole hakitoki, wakiyumba pamoja kama walevi wawili wanaotoka harusini. Laiti watu wa Rouen wangegeuka wakati ule! Wangecheka mpaka leo. Lakini hawakugeuka, kwa sababu nyusi za Vasseur zilikuwa zimeshuka na simfoni ilikuwa ikikimbia, tarumbeta za chini na tarumbeta za juu zikijibizana kutoka ncha moja ya kanisa hadi nyingine.

Ukurasa wa mwisho ukafunguka. "Nilisubiri," penseli ilisema.

Wote wakanyamaza. Pigo la kwanza la kimya, la pili, la tatu. Mathurine alijua kuwa watu elfu moja na mia mbili wamezuia pumzi, na kuwa atakuwa wa kwanza kuvunja kimya kile, peke yake, kabla ya kila mtu, na kuwa akikosea hakuna mahali pa kujificha. Mwili wake wote ulitaka kungoja. La nne. Fimbo ikaanza tu kushuka.

Hakusubiri. Alishuka na vidole kumi na miguu miwili, na benchi likatetemeka, na kidole cha Firmin kikatetemeka sikioni mwake. Wakashikilia sauti ile mpaka mkono wa Vasseur ulipofunga ngumi.

Mathurine akainua mikono kutoka kwenye vibao, akaupiga mkono wa Firmin ukaruka huko, na kwa kucha akang'oa nta ya sikio la kushoto.

Saint-Évode ina mwangwi wa sekunde sita. Sauti ilikuwa bado hewani, juu, chini ya mawe ya dari, ikienda zake. Alitega masikio yote mawili, akakitafuta kinanda ndani yake ili akitenganishe na okestra, kama alivyozoea, na hakuweza. Haikuwa na pande mbili. Ilikuwa sauti moja, ikapungua kwa pamoja, ikaisha kwa pamoja.

Kisha kishindo. Watu walisimama, na viti elfu vikakwaruza sakafu vikigeuzwa kuelekea nyuma. Wakaipa altare mgongo, nyuso zote zikatazama juu, kwake. Miaka thelathini na minne hakuwa amewahi kuziona nyuso zao. Vasseur aliinua fimbo akamwelekezea yeye, na kadinali mstaafu alikuwa amepanda juu ya kiti.

Firmin alikuwa akikipuliza kidole chake. "Shemeji, umesikia chochote, angalau?"

Mathurine akacheka na kulia kwa pamoja. Alichukua penseli iliyokuwa nyuma ya sikio la shemejiye, na chini ya neno la Hautot akaandika: "Tumefika, mzee. Wote."