Mboga za Eda

Tuktuk ilikuwa imekwisha kuwashwa, na shina la mgomba limelazwa kwenye kiti cha nyuma, limeviringishwa leso kama mgonjwa anayekimbizwa hospitali. Teresa alijibana pembeni, mkono mmoja juu yake. Chengo, mwenye tuktuk, aliuliza kama huko Vihiga migomba imekwisha hata mama asafirishe mmoja kutoka Msambweni. Hakuna aliyecheka, naye akajishughulisha na kioo.

"Panda, Gerishom," Teresa alimwambia mumewe.

"Mboga zitakauka."

"Mwanao anakwenda kuzikwa, wewe unaniambia mboga."

Gerishom alilitazama gurudumu. Jua la kaskazi lilikuwa limeanza kuchoma mchanga, na moyoni mwake hamkuwa na jambo lolote, si huzuni si hasira. Tuktuk ikaondoka kwenda stendi ya basi.

Kwao bara, mtu akifa mbali na mwili usipatikane, hukatwa mgomba ukazikwa badala yake, na baba husimama kaburini akamtaja mwanawe kwa jina. Lakini mwili wa Lennox, mwana wao, haukupotea. Ulikuwa pale pale Msambweni, makaburini nyuma ya msikiti, maana Lennox alisilimu alipomwoa Muhsina, akaitwa Mahir. Homa ilipomchukua, Teresa alikuwa bara kwenye matanga ya dadake. Seifu, babake Muhsina, alimjia Gerishom kwa adabu akamwuliza: mkwe, twaweza kumsitiri leo hii? Dini yao haimweki maiti. Gerishom aliitikia kwa kichwa. Teresa alipofika, udongo wa kaburi ulikuwa umeshamwagiwa maji. Hakupiga ukemi. Siku kadhaa baadaye akachukua panga akaingia bustanini, akaukata mgomba alioupanda Lennox, na mkungu wake mbichi bado juu.

Basi Gerishom akabaki na bustani. Nayo ilikuwa bustani ya kuonewa kijicho. Nyuma ya nyumba ile ya kupanga palikuwa na mchicha, bamia, mabilingani, nyanya, na mnavu na mrenda wa mbegu za kwao. Alizinywesha maji ya kisima asubuhi na jioni, kwa hiyo mboga za watu zilipokuwa zimekauka kama tumbaku, zake zilikuwa mbichi, na kila chenye mdomo kilijua njia ya pale. Kenge alikaa chini ya jiwe la kufulia. Ndege chozi walichovya midomo kwenye maua ya mabilingani. Jua likipanda kidogo, tumbili nao walishuka uani, mkubwa mbele, wadogo nyuma.

Zamani Teresa aliwapokea kwa manati. Sasa Gerishom alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi akawatazama. Jike mmoja, mwana kamning'inia tumboni, alichagua nyanya iliyoiva, akaing'ata mara moja, akaitupa, akachukua nyingine.

"Israfu hiyo, mkwe," Seifu alisema kutoka kwake, upande wa pili wa ua. "Hata mwenye hoteli hali hivyo."

Gerishom alisema mwache ale. Yeye mwenyewe alichuma bamia changa akaitafuna ikiwa mbichi. Alijua ni tamu, kama mtu ajuavyo jina la mji asiowahi kufika.

Kila alasiri alimpelekea Muhsina mboga. Binti yule alikuwa amekaa eda ya mumewe, hatoki nje, hajitii wanja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Muhsina alipika mrenda kwa tui la nazi, jambo ambalo Teresa angeliona angejishika kichwa. "Mahir akisema nazi yaharibu mrenda," alimwambia mkwewe huku akipakua. "Kisha akala mpaka akalamba mwiko." Akacheka kidogo, halafu akageukia sufuria akakaa hivyo. Gerishom alikula. Aliomba aongezwe, kwa heshima tu.

Teresa akapiga simu. Mazishi ni Jumamosi, na wazee wanauliza ni nani atakayemtaja mtoto. Gerishom akaeleza habari za mboga, kwamba joto limezidi, kwamba binti anazitegemea. Seifu alikuwa uani, akasikia yote. Simu ilipokatika alimwendea.

"Nenda, mkwe. Maji nitayatia mimi, na binti yangu hatalala njaa. Mkeo asizike peke yake."

Basi udhuru ukaisha. Gerishom alisimama kisimani, ameshika kamba, ndoo imejaa na hakuivuta.

"Nilimwona akilazwa," alisema. "Ubavu wa kuume. Nikienda kusimama juu ya mgomba nikamwita, nitakuwa nimesema makaburini huku hamna mtu."

Seifu aliipokea kamba akaivuta ndoo. Baadaye akasema, "Basi mwambie hivyo. Usimwambie mboga."

Gerishom alimpigia mkewe akamwambia hivyo hivyo, neno kwa neno. Nyuma ya Teresa ng'ombe alilia. Kisha akauliza kama mnavu umetoa maua. Gerishom akasema umetoa.

"Basi umeshakuwa mchungu," Teresa alisema, akakata simu.

Mgomba ulizikwa Jumamosi ile. Mathew, nduguye Gerishom, alisimama mahali pa baba. Teresa hakurudi pwani. Ana ng'ombe na anaimba kwaya. Muhsina alimaliza eda yake, na baadaye akaolewa na mvuvi wa Mkwiro, wana binti. Seifu macho yamemwishia, haendi tena baharini. Chengo aliuza tuktuk, yuko Samburu anaziba matairi ya malori. Yule tumbili jike aligongwa na gari barabarani. Wenziwe wanakuja kama kawaida. Mwenye nyumba alijenga vyumba vya kupangisha, akamega nusu ya bustani. Gerishom bado yupo Msambweni. Amepanda bamia na mchicha, anapika mwenyewe, anakula.