Okidi na Siku ya Sabato

Aluoch, mke wa Bosire, alipopanda vilima vya Manga kuwaona wakwe zake, hakubeba sukari wala mkate kama wakaza mwana wengine. Alibeba okidi: mmea wenye majani mazito na maua ya zambarau, ndani ya mkebe wa plastiki angavu, mizizi ikionekana kwa nje.

"Ni ya kukaa sebuleni, Mama," alimwambia Nyanchera. "Imwagilieni maji mara moja kwa wiki. Leo nimeshaimwagilia." Akanywa chai, akapanda bodaboda kurudi mjini Kisii, kwenye duka la dawa alikofanya kazi.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Ombui, mumewe Nyanchera na mzee wa kanisa la Wasabato, ndiye aliyegutuka kwanza.

"Wiki ijayo itakuwa Sabato tena. Kuchota maji, kubeba, kumwaga. Hiyo ni kazi, Mama Bosire."

"Kwani Yesu hakusema hata ng'ombe hufunguliwa siku ya Sabato akanyweshwe?"

"Ng'ombe akiwa na kiu hulia."

"Hii nayo ingelia kama ingekuwa na mdomo. Basi ishughulikie wewe mwenye sheria."

"Mimi na maua wapi na wapi?"

Wakaishia hapo. Hata hivyo, Ombui aliitia okidi, mkebe na yote, ndani ya bakuli zuri lililochongwa kwa jiwe laini la Tabaka, maana zawadi ya mkaza mwana haiwekwi ovyo. Bakuli halikuwa na tundu la kutolea maji. Ijumaa, kabla jua halijazama, alihakikisha mkewe yuko jikoni, akaimwagilia kimyakimya. Mzee kama yeye asingetaka kuonekana akibembeleza ua. Jumapili naye Nyanchera, akiamini mumewe ameitelekeza, alingoja atoke kukata majani ya ng'ombe, akaimwagilia vya kutosha.

Wakaendelea hivyo. Majani yakaanza kugeuka manjano. Ombui alipoyaona alisema moyoni, kiu hiyo, akaongeza maji. Nyanchera akaongeza maji ya kuoshea mchele, yenye nguvu. Maua yakapukutika moja moja.

Asubuhi moja walikutana sebuleni, Ombui na birika, Nyanchera na jagi.

"Unafanya nini hapa, Baba Bosire?"

"Natafuta miwani."

"Kwa birika?"

Nyanchera alicheka mpaka akakaa chini. Ombui alikasirika kidogo, kisha akaliona lile jagi.

"Kumbe tumeizamisha sote wawili," akasema kwa unyonge.

Ikabidi Aluoch apigiwe simu. Walisukumiana simu hiyo mpaka ikaita ikiwa mikononi mwa Ombui, naye kwa aibu akashindwa kulitaja ua kwa jina.

"Mwanangu, hali hapa si nzuri. Yule wa sebuleni amezidiwa. Amekuwa manjano kabisa."

"Nani, Baba? Mama?"

"Njoo tu," Ombui akasema, akakata.

Aluoch aliomba ruhusa kazini, akajaza mfuko dawa za homa na za ini, akamhimiza mwendesha bodaboda njia nzima. Alifika akitweta, akamkuta Nyanchera shambani akichuma chai, anaimba.

"Mama! Si unaumwa?"

"Nani kasema naumwa?"

Ombui alikuwa amesimama mlangoni. Alianza kukagua paa la nyumba.

Aluoch alipoelewa, alicheka huku machozi ya hofu yakimtoka. Kisha akainua mkebe kutoka kwenye bakuli. Maji yaliyokuwa chini yalinuka hata Ombui akarudi nyuma. Mizizi mingi ilikuwa ya kahawia, laini kama mboga zilizochemka kupita kiasi. Aliikata kwa wembe, akabakiza michache migumu, akaipanda upya katika vipande vya magome ya mti na makaa. Bakuli la Tabaka akalipa kazi ya kuwekea ndizi.

"Kosa ni langu, niliwapa siku," alisema. "Hii haijui siku. Tazameni mizizi. Ikiwa ya kijivu, ina kiu. Ikiwa ya kijani, imeshiba, iacheni. Na kwa ukungu huu wa Manga, inaweza kushiba hata zaidi ya wiki."

"Na ikiwa ya kijivu siku ya Sabato?" Ombui akauliza.

Aluoch, Mkatoliki wa watu, alimtazama mama mkwe, akamtazama baba mkwe.

"Ikingoja Jumapili, Baba, haitakufa."

Ombui akashusha pumzi.

Tangu watoto waondoke, nyumba hiyo ilikuwa imetulia mno: mzee na redio yake, mama na jiko lake. Sasa kila kulipokucha waliinama pamoja juu ya okidi dirishani.

"Hiyo ni kijani."

"Hiyo ni kijivu. Vaa miwani."

"Nimeivaa!"

Jani jipya lilichomoza, na baada ya miezi mingi, kikonyo cha maua. Ua la kwanza lilifunguka alfajiri ya Sabato. Nyanchera alitaka litazame mlangoni, wageni walione. Ombui alitaka litazame kiti chake. Walibishana mpaka jua likapanda, na walipofika kanisani walikuta waumini wote wamesimama nje kwenye manyunyu, maana funguo zilikuwa mfukoni mwa mzee wa kanisa.

Ombui aliomba radhi, akafungua mlango, hakutaja sababu. Nyanchera aliitaja, kwa kila aliyeuliza na kwa wengi ambao hawakuuliza.