Mapezi Mawili ya Samaki wa Mbao

Walimwita Redio, na hawakumsingizia: mdomo wake haukuzimwa. Mikono nayo haikujua kutulia. Akimwona mtoto anahangaika na kamba ya kiatu, keshaifunga. Ndiyo maana asubuhi hiyo, kabla wazazi hawajaingia kutazama watoto wao wakijifunza, mwalimu mkuu, ambaye pia ni wifi yake, alimvuta pembeni.

"Wifi, nakupenda, lakini kwenye darasa hili mtoto anajifunza kwa mikono yake, si yako. Ukigusa kitu leo mbele za watu, kesho unarudi kwenye chaki na ubao."

"Nitakuwa kama sanamu, wifi."

"Sanamu gani, wewe hata usingizini unahutubia!"

Redio akacheka. Alilipenda darasa hili: rafu fupi, trei za majani makavu, ramani ya dunia ya vipande vya kupanga. Tena palikuwa na jambo asilolijua wifi yake. Jana alimwonea huruma mtoto aliyekuwa akisukumana na mapezi ya samaki wa mbao wa kupanga vipande, akachukua msasa, akayasugua yaingie kilaini. Leo ndipo alipogundua yameingia kilaini mno: pezi la tumbo linakaa mgongoni, la mgongo linakaa tumboni. Kazi ya nafasi ya kila pezi ni kumkatalia mtoto anapokosea. Yeye kainyamazisha.

Akataka kumficha yule samaki. Wazazi hao, mlangoni!

Trei zote hizo, nani atachagua samaki? Binti mmoja mwenye pengo akamwendea samaki moja kwa moja.

Redio akakalia viganja vyake. Binti akapanga kichwa, kiwiliwili, mkia. Kisha pezi la tumbo likapanda mgongoni, likatulia kama liko kwao.

"Mbona mwalimu kakaa tu kama mgeni wa harusi?" mama mmoja akanong'ona.

"Nyamaza, shoga. Huyo kagombezwa, mtazame macho."

Mguu wa Redio ukaanza kucheza wenyewe. Ulimi ukamwasha. Neno moja tu: geuza. Wifi yake akamkazia jicho.

Binti akainamisha kichwa upande, akamtazama samaki wake. Hakuridhika. Akabeba trei mpaka dirishani, kwenye tangi la kioo la samaki hai, akaanza kumfuata mmoja wao kwa kidole.

"Wewe, simama basi!"

Wazazi wakaangua kicheko. Yeye hata hakugeuka. Akayabadilisha mapezi. Akayarudisha tena yalipokuwa, akakunja uso.

"Mwalimu, haya yanaingia kotekote. Nani kayasugua?"

Macho yote kwa Redio.

"Mimi," akasema. "Nilitaka usipate tabu."

"Sasa ningejuaje nimekosea?"

Wazazi wakacheka, wifi yake hakucheka.

"Kumbe leo umeikalia mikono bure. Ilishafanya kazi tangu jana."

"Ndiyo, wifi."

"Kesho uje na mapezi mapya. Msasa uuache ofisini kwangu."

Redio akauliza, "Kesho nije hapa, au kwenye ubao?"

"Kwani kwenye ubao kuna samaki?"

Redio akaitoa mikono, imekufa ganzi. Binti akapita na trei yake, kamba ya kiatu ikiburuzika sakafuni.

Redio akaiona. Akairudisha mikono chini, akaikalia.