Fundi Spika Juu ya Mnara

Mtaa mzima ulimwita Fundi Spika, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Redio iliyokufa, amplifaya inayokoroma, maiki iliyoangushwa na bwana harusi aliyezidiwa, vyote vilipita katika kibanda chake cha mabati, na vingi vilitoka vikiwa hai. Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote haikumlipa chochote. Ilikuwa kazi ya kutunza spika za kanisa lao.

Kanisa lilitazamana na msikiti, barabara katikati. Fundi alikuwa amezifunga zile spika za midomo mipana juu ya paa, zote zikielekea msikitini. Hazikuelekea sokoni, wala stendi, ambako wenye dhambi wanapatikana kwa jumla na rejareja. Adhana ikianza, yeye anapandisha sauti ya kwaya. Wale nao wakaongeza spika. Yeye akaongeza amplifaya. Watoto wachanga wa mtaa huo walilala kwa bahati tu, na Mungu mwenyewe, kama ana masikio ya namna yetu, nadhani alikuwa ameyaziba kwa vidole.

Usimwone mtu mbaya, lakini. Fundi alikuwa na sababu, tena nzito. Zamani alikuwa mlevi wa kutupwa. Aliuza sufuria za mkewe, akauza mlango wa chumbani, akamalizia kwa kuuza bisibisi na koleo zake za kazi. Siku moja, mchana kweupe, akipita nyuma ya kanisa hilo akitafuta wa kumnunulia chupa, kitu kikamshika. Hakuwa amesikia mahubiri, wala hakuna aliyemwekea mkono kichwani. Joto lilimpanda kutoka kwenye nyayo, magoti yakalegea, mikono ikatetemeka, na akajua, bila kuambiwa na mtu, kwamba yuko Mmoja anayelijua jina lake na aibu zake zote, na hajamchoka. Alipiga magoti kwenye matope. Hajaonja pombe tena hadi leo.

Mhubiri wa kanisa, ambaye ni kaka wa mkewe, alimwokota pale pale akamwingiza ndani, na tangu hapo ushuhuda wa Fundi ukawa fahari ya kanisa. Kila mkutano: "Shemeji, njoo uwaambie!" Naye anawaambia. Watu walilia, watu waliokoka.

Shida ni kwamba ile hali haikumrudia tena. Aliomba, alifunga, aliimba mpaka sauti ikamkauka. Haikuja. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Aliongeza sauti tu. Akajishawishi kwamba yule aliyemkuta nyuma ya kanisa anakaa hapo hapo kanisani na si penginepo, na kwamba makelele ya wale wa ng'ambo ndiyo yanayomzuia asisikike.

Chuki ya namna hiyo haibaki juu ya paa, inashuka mpaka jikoni. Mwadhini wa msikiti alikuwa mzee muuza mkaa, na banda lake ndilo lililokuwa karibu na nyumbani kwa Fundi. Fundi akamkataza mkewe kununua kwake.

"Mkaa nao una dini, Baba Watoto?" mkewe aliuliza.

"Moshi wake unaingia kwenye chakula."

"Haya. Na kiberiti nacho nikiulize kinaswali wapi."

Basi, wakati kanisa likijiandaa kwa mkutano mkubwa wa Jumapili, spika za msikiti zikakata kauli. Muuza mkaa akaja mwenyewe kibandani, kofia mkononi.

"Fundi, huku mtaani tunaye wewe tu," alisema. "Tusaidie."

Fundi akajibu kwamba ataangalia nafasi. Mzee hajafika hata kona, Fundi alishafika kwa shemeji yake. Mhubiri alicheka akashika mbavu.

"Wamejileta wenyewe! Zitengeneze, shemeji. Ila uzitengeneze kwa namna ambayo Jumapili saa yao ikifika, kimya. Watu wote wasikie hicho kimya."

"Nitawatilia koili iliyochoka, ule waya wa ndani unaoliza spika," Fundi alisema. "Nikiijaribu italia vizuri. Ikishapata moto, inakufa."

"Halafu utapanda jukwaani utoe ushuhuda. Mtaa utajua Mungu yuko upande gani."

Ijumaa, watu walipokwisha kutawanyika baada ya swala ya mchana, Fundi alivua viatu mlangoni mwa msikiti. Hakuwahi kukanyaga humo, na aliyokuwa amesimuliwa kuhusu humo ndani yangemtosha mtoto kukojoa kitandani. Alikuta sakafu iliyofagiwa, babu mmoja amelala kando ya nguzo mdomo wazi, na saa ya ukutani iliyochelewa, kama ya kanisani kwao. Karibu aone amepunjwa.

Ngazi za mnara zilikuwa nyembamba, za kuzunguka. Juu kulikuwa na kijichumba chenye madirisha pande zote, vumbi na kinyesi cha njiwa. Aliifungua spika ya kwanza akakuta koili imeungua. Alikuwa na koili mpya ndani ya mkoba, maana fundi hatoki bila kifaa kizima, lakini mfukoni mwa shati alikuwa na ile nyingine. Ndiyo aliyoitoa. Alikuwa ameanza kuifunga aliposikia mtu akipanda huku akihema.

Alikuwa muuza mkaa. "Endelea tu, fundi, usijali," alisema akijifuta jasho. "Alasiri imeingia. Maadamu hizi hazina uhai, mimi naita kwa mdomo."

Akasogea dirishani, akaweka mikono masikioni, akafumba macho, akaita.

Fundi alikuwa ameisikia adhana maisha yake yote, lakini aliijua kama mlio wa chuma, kitu cha kushindana nacho. Sasa lilikuwa koo la mtu, karibu naye kiasi cha kuweza kuligusa. Wala haikuwa sauti tamu. Vumbi la mkaa lilikuwa limeikwaruza, na ilipopanda juu ilipasuka. Lakini mzee yule aliita kama mtu anayemwita ndugu yake aliye chumba cha pili, bila shaka yoyote kwamba yumo na anasikia. Chini, mama aliyekuwa akianika nguo alisimama na shuka mkononi.

Joto lilianzia kwenye nyayo. Fundi alidhani ni sakafu imepata jua. Kisha magoti. Bisibisi ilimponyoka ikagonga sakafu. Hapana, alijiambia, hapa hapana, si hapa! Akaitazama mikono yake. Ilikuwa ikitetemeka.

Ilikuwa ile ile. Alikuwa ameitafuta miaka kwa kufunga na kukesha, asingeweza kuikosea. Ilimjia pale pale kwenye kinyesi cha njiwa kana kwamba waliagana jana. Akajulikana tena, mzima mzima: koili ya hila mkononi, spika alizozielekeza huku, mdomo uliomtukana mzee huyu nyumbani mbele ya watoto. Yote yalionekana, na bado hakuchokwa. Fundi hakuwahi kuogopa vile, na hakuwahi kufurahi vile. Alikaa chini akalia kwa sauti.

Mzee alipomaliza akageuka. "Vipi, umeme umekupiga?"

Fundi alitikisa kichwa. Aliinua tu mikono yake, vikaonekana vile vidole vikicheza.

Muuza mkaa aliitazama mikono ile kwa muda mrefu. Alielewa polepole, na alipoelewa, uso wake ukabadilika, ukawa wa kijana.

"Imekupata," alisema.

"Unaijua?"

"Ilinipata mara moja, sijaoa bado, nikipakia magunia. Tangu siku hiyo napanda hizi ngazi, naita. Haijarudi." Alichuchumaa, magoti yakalia. Alipima kwa kiganja pengo lililokuwa kati yao. "Na leo imepita hapa. Hapa, karibu hivi!" Alikuwa akicheka huku machozi yakimwingia ndevuni, na Fundi hakuona wivu wowote katika kicheko hicho. "Kaa kwanza, mwanangu. Usishuke hizo ngazi na macho yaliyojaa maji, utatuvunjikia."

Wakakaa, wawili hao, mgongo ukutani. Baadaye sana Fundi aliirudisha ile koili mfukoni, akafungua mkoba, akafunga mpya.

Jumapili uwanja wa kanisa ulifurika. Mhubiri alikuwa moto siku hiyo, anaruka, anafuta jasho, watu wanaitikia. Alasiri ilipokaribia alisimama ghafla, akainua kidole, akatabasamu.

"Sikilizeni," alisema.

Watu wakanyamaza wote. Na katika ukimya huo adhana ikaja kutoka ng'ambo, safi kama maji, haina hata mkwaruzo wa waya. Nyuma kabisa mtu akacheka. Lakini Mhubiri si mtu wa kuishiwa.

"Shemeji!" aliita. "Njoo uwaambie Bwana alikutoa wapi!"

Fundi aliipokea maiki. Alijua anachokwenda kupoteza. Kanisa hili lilimwokota matopeni. Shemeji huyu alimnunulia bisibisi ya kwanza baada ya kuacha pombe. Mkewe alikuwa pale kwenye kwaya, amevaa joho, na kesho yake asingeweza kukatiza barabara bila kunyooshewa vidole. Angeweza kusema ya siku zote na kushuka. Lakini Fundi, ambaye aliwahi kudanganya kuhusu kila kitu chini ya jua, hakuwahi kudanganya kuhusu hiki kimoja, na aliogopa kuanza.

Akasimulia ya siku zote: sufuria, mlango, matope. Watu wakaanza kulia. Kisha akasema, "Na Ijumaa imenirudia. Ile ile. Imenirudia juu ya mnara wa msikiti, mzee wetu wa mkaa akiita."

Uwanja ulichafuka. Mhubiri alimpokonya maiki.

"Hiyo si ya Mungu!" alipaza sauti. "Ndugu yetu ameingiliwa! Yule mwovu anajua kujigeuza! Wazee, mtoeni, tukamwombee!"

Wazee wawili wa kanisa wakamshika mikono. Fundi hakubisha. Na hapo mkewe akatoka kwenye mstari wa kwaya, akapanda jukwaani, akasimama mbele ya kaka yake.

"Kaka, ngoja."

"Dada, rudi mahali pako."

"Sirudi. Siku ile ya kwanza wewe ulimwingiza kanisani, lakini aliyempokea nyumbani ni mimi. Nilimtazama uso mpaka nikaogopa, sikumjua. Ijumaa amerudi na uso ule ule. Hajaniambia kitu, nami sikuuliza. Niliuona. Ukisema hii ya juzi ni ya shetani, basi niambie na ile ilikuwa ya nani. Maana nimelala na mtu huyu miaka yote nikijua nimerudishiwa na Mungu. Niambie, kaka. Mbele ya watu hawa. Nani alinirudishia mume?"

Mhubiri aliinua maiki. Aliishusha. Aliinua tena. Watu wote walimtazama, na wale wazee walikuwa wamekwisha kuiachia mikono ya Fundi bila kujua. Ukali ulimtoka usoni kidogo kidogo, mpaka akabaki mtu tu, mtu mzima aliyechoka, aliyehubiri miaka mingi juu ya jambo ambalo alilipata kwa kusimuliwa. Akamgeukia shemeji yake. Alisahau kwamba maiki ilikuwa mdomoni, na kwamba spika zote zilikuwa wazi. Aliuliza kwa sauti ya chini, na swali likatoka juu ya paa, likavuka barabara, likasikika mtaa mzima:

"Shemeji... ikoje?"