Mzigo wa Posa Uliojituma

Panga la Bundi lilitua kwenye meza ya duka, likakwama kwenye mbao, kando tu ya mkono wa Kajuju. Kajuju aliangalia vidole vyake kwanza, akavikuta vyote viko, ndipo akainua macho.

"Nani ametuma hii kitu kwetu?" Bundi alifoka.

Huyu Bundi alikuwa kifungua mimba wa Mzee Njura, mwenye shamba la miraa pale juu ya mji wa Maua. Kifua alipewa cha watu wawili, subira akanyimwa kabisa. Mdogo wake, Mutugi, alisimama mlangoni na panga la pili ili asiingie mtu wala asitoke. Bundi akatupa mezani majani ya mgomba yaliyokwisha kufunguliwa, kamba yake ikining'inia, na vijiti vya miraa vilivyobaki vikatawanyika juu ya kompyuta.

Kajuju aliyajua majani hayo, maana yalifungwa kwenye banda lake mwenyewe. Ulikuwa mzigo wa posa, ule ambao Wameru huuita ncoolo: miraa teule, iliyofungwa kwa heshima, ambayo mwanamume humpelekea baba wa msichana anayemtaka. Baba akiurudisha umefungwa, amekataa. Akiufungua na kuutafuna na wazee wenzake, amekubali, na hapo maneno ya ndoa yanaanza. Mzigo huo huenda mara moja tu kwa kila binti. Ukienda mara ya pili kwenye nyumba iliyokwisha kukupa mke, maana yake unamtaka na mdogo wake, na hilo ni tusi ambalo watu hawalicheki.

"Hapa kwa karatasi imeandikwa Gitari wa Kanja," Bundi akasema. "Huyo si ni bwana ya dada yetu Cicily? Desemba tulimpokea vizuri, tukachinja, tukakula. Leo anatuma ingine! Na Baba ameshafungua! Alifikiri ni zawadi ya mwaka mpya, ameitafuna na wazee asubuhi yote. Sasa mdogo wetu Nkirote ni wa nani? Mtoto bado yuko Form Two!"

"Labda kuna makosa, Bundi. Ngoja..."

"Nakuuliza kitu moja. Ni yeye amelipa, ama kuna mtu anatuchezea?"

Kajuju akafungua kompyuta. Jina la Gitari lilikuwa pale, na malipo yake pia, ya alfajiri ya siku ile. Mtu aliyeshikiwa panga husoma anachokiona, hafikiri.

"Ni yeye," akasema. "Amelipa leo asubuhi."

Bundi akang'oa panga mezani. Hakuaga. Nje, Probox yao ikanguruma, ikageuza kwa fujo ikikaribia kumkanyaga mama wa ndizi, ikashika njia ya Meru, kuelekea Embu kwa Gitari.

Kajuju akabaki pale akimshukuru Mungu kwa sauti. Alishukuru vizuri tu mpaka wazo likamjia katikati ya sala. Gitari alikuwa mkulima wa chai na kahawa, mtu wa Embu aliyekuwa amempigia simu Desemba kuuliza kama mzigo wenyewe huliwa mbichi ama hupikwa. Mtu kama huyo aamke gizani kununua posa ya pili?

Akafungua tena oda ile. Chini ya jina, kwa maandishi madogo ya kijivu, palikuwa na maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe: malipo ya kujirudia.

Duka lile la mtandaoni alilianzisha yeye na kaka yake, Mbaka, ili kuuza miraa ya familia bila kupitia kwa madalali. Wateja wa Isiolo na Mombasa walichoka kuagiza kila mara, wakaomba mpango wa kulipa bila kusumbuka. Basi Kajuju akauweka. Mteja anakubali mara moja, anaweka namba yake ya siri, na kuanzia hapo kila mwezi mpya ukiingia fedha zinakatwa zenyewe, karatasi ya mzigo inajichapa yenyewe bandani, nao wafungaji wanafunga. Jioni aliyouweka mpango huo alikuwa amechoka na kwaya ya Krismasi inamngoja. Kompyuta ikamuuliza ni bidhaa zipi zijirudie. Ilifaa achague moja moja. Hakuchagua. Alibonyeza zote, akachukua kitabu cha nyimbo, akaenda zake kanisani.

Katika hizo zote, na posa ilikuwemo. Hakuna mtu wa Meru ambaye angeagiza posa ya kila mwezi, na ndiyo sababu haikumpitia kichwani kabisa kwamba mashine haikuzaliwa Meru.

Akampigia Gitari. Hapatikani. Akapiga tena, na tena. Akapiga namba ya dharura, na aliyepokea akamwuliza kama kuna mtu ameshakatwa, na kama bado, apige akikatwa. Kajuju akaitupa simu kwenye kiti na kukimbilia nyuma ya duka, ambako Mbaka alikuwa akiosha pikapu.

Mbaka ndiye aliyeupeleka mzigo ule kwa Mzee Njura, akauacha mlangoni na kupiga honi. Alipoelezwa, alikunja uso, akaendelea kuosha taa.

"Nyamaza," akasema. "Hayo ni mambo yao ya familia. Ukisema ni sisi, hao vijana watachoma hii duka na sisi tukiwa ndani."

"Watamuua, Mbaka! Mtu hajafanya kitu!"

"Pengine watampiga tu kidogo."

"Mimi ndiye nimewaambia ni yeye. Kwa mdomo wangu. Gitari akifa leo, nimemuua mimi, na wewe umenisaidia kuosha gari." Akanyakua funguo kando ya ndoo na kupanda upande wa dereva. Hakujua kuendesha, na Mbaka alilijua hilo. Alimtazama dada yake akihangaika na gia, akatukana tusi la baba yao, akamsukuma upande wa pili.

Mbaka alikuwa mmoja wa wale madereva wa Maua wanaofikisha miraa Nairobi kabla watu hawajanywa chai. Safari hii gari lilikuwa tupu na jua limewaka, na alilipeleka vilevile, akipita malori kwenye kona, mkono mmoja kwenye honi. Kajuju alishika dashibodi na kupiga simu. Meru mjini wakapita. Gitari hapatikani.

Walipofika karibu na Nkubu, simu ya Mbaka ikalia, Kajuju akaipokea na kuifungulia spika. Alikuwa Murungi, dereva wao mwingine, aliyekuwa amepeleka mizigo ya upande wa Githongo. Alikuwa akihema.

"Mbaka, mnanituma nife? Nimepeleka ile posa ya Githongo, wakanifukuza na mapanga mpaka kwa shamba ya kahawa! Eti wameshatoa msichana, sasa huyo bwana anataka na mwingine. Nimeacha viatu huko!"

"Bwana gani?" Kajuju akauliza.

"Bundi. Bundi wa Njura. Hao mashemeji wake wamepanda gari, wanasema wanakuja Maua kumtafuta."

Mbaka akamtazama Kajuju, Kajuju akamtazama Mbaka, na pikapu nusura iingie mtaroni. Bundi naye Desemba alikuwa amejitokeza rasmi kwa wakwe zake, na mzigo wake aliununua kwenye duka lilelile, akabonyeza palepale pa kukubali ambapo watu wote hubonyeza bila kusoma.

"Ongeza mwendo," Kajuju akasema.

Walipofika Kanja, kijijini kwa Gitari, hawakuhitaji kuuliza njia. Watu walikuwa wakikimbia kuelekea upande mmoja, na Probox ilikuwa imeachwa katikati ya barabara milango wazi. Kajuju akaruka kabla gari halijasimama, akaanguka, akainuka na goti linalovuja damu, akakimbia kati ya mistari ya chai akifuata kelele za mwanamke.

Mwanamke huyo alikuwa Cicily. Alikuwa amening'inia mgongoni mwa kaka yake Mutugi akimng'ata sikio, naye Mutugi akizunguka kumtupa. Gitari alikuwa chini. Shati lake jeupe halikuwa jeupe tena. Uso ulikuwa umevimba jicho moja likafungika, na kila alipojaribu kuinuka Bundi alimrudisha kwa teke la mbavu. Kikapu chake cha chai kilikuwa kimepasuliwa vipande viwili.

"Sijatuma kitu!" Gitari alilia. "Naapa kwa Mungu! Niliposa Cicily peke yake!"

"Na hii jina ni ya nani? Na hii pesa ililipwa na nani?" Bundi aliinua panga. "Kajuju amesema ni wewe!"

Kajuju alisikia jina lake likitajwa, akapaza sauti.

"Bundi! Ni mimi! Ni makosa yangu!"

Panga lilikuwa limeshaanza kushuka. Gitari akakinga kichwa kwa mkono wa kushoto. Lilimpata mkononi, kwa sauti ya kuni iliyopasuka, na vidole viwili vikaanguka kwenye majani ya chai. Gitari aliutazama mkono kwa mshangao, kisha akalia kilio ambacho Kajuju hakuwahi kukisikia kwa mtu mzima.

Kajuju akajitupa juu yake. Bundi akampiga mgongoni kwa ubapa wa panga, akampiga tena, na Kajuju hakutoka. Mbaka alifika na chuma cha jeki, akamlaza Mutugi kwa pigo moja la bega, akasimama mbele ya Bundi.

"Gusa dada yangu tena," Mbaka akasema, "uone."

"Alisema ni Gitari amelipa!"

"Nilisema kile nimeona kwa kompyuta," Kajuju akasema, uso wake kwenye damu ya Gitari. "Hajalipa yeye. Ni mashine. Mimi ndiye niliipanga ikate pesa kila mwezi na itoe mzigo. Nikasahau posa haifai kurudi. Mashine imetuma yenyewe, Bundi. Huyu hajui lolote."

Bundi akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na baadhi ya watu waliokuja kutazama wakarudi nyuma.

"Mashine inaposa?" akauliza. "Mashine iamke asubuhi, imtake Nkirote? Mnatuona sisi wajinga kwa sababu hatujasoma computer?"

"Pigia mke wako," Kajuju akasema. "Pigia Kendi saa hii. Na kwa wakwe zako Githongo posa yako imerudi leo asubuhi. Umeagiza wewe?"

Bundi akafungua mdomo ajibu, na simu yake ikalia mfukoni. Aliitoa kwa mkono uleule wenye damu. Ilikuwa Kendi. Bundi akabonyeza vibaya kwa utelezi wa vidole, sauti ikatoka kubwa shambani kote.

"Bundi, uko wapi?" Kendi alikuwa akilia. "Ndugu zangu wamekuja na mapanga. Wanasema umeposa Kagendo. Umeposa mdogo wangu, Bundi? Mama yako amejifungia na mimi kwa nyumba. Wanakata mlango!"

Rangi ikamtoka Bundi. Aliutazama mkono wa Gitari, akavitazama vile vidole viwili kwenye majani, na Kajuju akaona uelewa ukimwingia polepole. Panga likamponyoka. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kijana mdogo.

"Weka simu kwa mlango, ndugu yako anisikie," akasema. "Haraka. Kirimi? Kirimi, sikia shemeji. Mimi sijaposa mtu. Ni makosa. Hiyo kitu imetumwa na mashine."

Nyuma ya mlango kikasikika kicheko, kibaya vilevile.

"Mashine inaposa?" Kirimi akauliza.

Na panga likaanza tena kugonga mlango. Mama yake Bundi alisikika akiomba kwa Kimeru, akiita jina la Yesu na jina la mwanawe kwa zamu.

Bundi akapiga magoti kwenye chai, mbele ya msichana aliyekuwa amempiga kwa panga dakika chache nyuma, akamnyoshea simu kwa mikono miwili.

"Waambie," akasema. "Tafadhali, dada. Wewe unajua kuieleza. Waambie."

Kajuju alikuwa akiufunga mkono wa Gitari kwa leso yake, akikaza kwa nguvu zote. Cicily akaja akamshikia leso, bila neno, ndipo Kajuju akaichukua simu. Damu ilikuwa imefunika kioo. Akaifuta kwa gauni, akaiweka sikioni, akaanza kueleza tangu mwanzo, ile jioni ya kwaya na zile bidhaa zote alizobonyeza. Alieleza kwa Kiswahili, akaeleza kwa Kimeru, akapaza sauti mpaka ikakatika.

Upande wa pili mlango ukaanguka, na hakuna aliyekuwa akimsikiliza.