Mashemeji na Chaneli ya Mpira

Siku ile mjinga alikuwa Dishi, na tuliseme mapema asije mtu akamwonea huruma. Jina hilo alilipata kwa ajili ya masikio yake makubwa, miaka mingi kabla hajauza king'amuzi hata kimoja. Alipofungua duka la kampuni ya dishi, watu wakasema ameitikia wito.

Ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango, kaka wa mkewe aliuza ving'amuzi vya kampuni pinzani, ile yenye chaneli ya mpira. Kampuni ya Dishi iliikodi chaneli hiyo kwao. Mwaka huu wenye mali wakapandisha bei maradufu. Kampuni ya Dishi ikasema huo ni wizi, hailipi. Wakubwa wakarushiana barua za mawakili, na asubuhi ya fainali chaneli ikazimwa kwenye kila king'amuzi alichowahi kuuza Dishi.

Mchana duka lilijaa wateja waliobeba ving'amuzi vyao. Mmoja alimtupia king'amuzi kifuani. Kinyozi wa jirani alisema taratibu tu, "Fundi, umetuuzia sanduku la giza." Kisha wakavuka barabara, wakapanga foleni kwa shemeji. Duka ndilo lililokuwa likiilisha nyumba ya Dishi, na sasa alilitazama likihama kwa miguu.

"Shemeji," yule akamwita kutoka mlangoni, "ukikosa pa kutazama, njoo. Wewe ndugu, nitakupunguzia."

Akili ikamruka Dishi. Alivuka na spana mkononi. Pigo la kwanza lilipasua runinga ya dirishani. La pili lilimpata shemeji begani, mfupa ukaalika. Shemeji alimdaka kwa yale masikio, akamgongesha uso kwenye kaunta, akamgongesha tena, na meno ya mbele ya Dishi yakadondoka katikati ya rimoti; Dishi naye akamkaba koo.

"Niachie masikio, shemeji."

"Niachie koo kwanza, shemeji."

Adabu haikuwapungukia, pumzi ndiyo iliyopungua. Walibingirika juu ya vioo. Kinyozi akaingia kuamua, akala kiwiko cha pua, akaketi chini kama mteja wake mwenyewe. Dishi akapapasa, akaokota kigae cha kioo, akamchana shemeji shavu hadi kidevuni. Damu ikamwingia shemeji mdomoni, akamtemea nayo machoni, naye akamkaba koo kwa mkono mmoja mzima.

"Chaneli imerudi," mtu akasema.

Kwenye runinga ya ukutani wakubwa wawili wenye tai walikuwa wakishikana mikono. Wamekubaliana bei ya katikati; chaneli inafunguliwa kote, kwa wateja wote. Foleni ikavunjika palepale. Watu wakakwapua ving'amuzi vyao vya zamani, wakawaruka wale wawili sakafuni, wakakimbilia majumbani mechi isiwapite.

Mke wa Dishi alifika na beseni la maji. Akalifunga bega la kaka yake, akamgeukia mumewe.

"Mumeo ndiye aliyekuja na spana," kaka akasema.

"Kaka yako alinicheka mbele ya wateja wangu."

"Wateja wako walikuwa wamekuja wenyewe."

"Baada ya kampuni yako kutukaba."

"Nyamazeni nioshe," mke akasema.

Dishi hakunyamaza. Alisema kwa midomo iliyovimba, maneno yakipita pale palipokuwa na meno, "Mama watoto, mimi nilikuwa naitetea kampuni."

Mke akakamua kitambaa, maji yakageuka mekundu.

"Basi wapigie huduma kwa wateja, waje wakutafunie."