Meeta ya Titi Moja

Kilichomwogopesha Hilaria si mfuko aliowekewa kifuani, ni titi lililokuwa halipo. Mtoto wa jirani akilia, lilijaa maziwa, likavuta, chuchu ikawasha. Akipeleka mkono, alikuta plastiki ngumu chini ya ngozi.

Mfuko ule waliuweka madaktari wageni walipomkata titi lenye saratani. Walikuwa wakiujaza maji kwa sindano kidogo kidogo ili ngozi itanuke. Juni wangerudi kuutoa na kumwekea titi la silikoni. Usikae nao zaidi ya hapo, walimwonya.

Lakini mzee Akonaay, baba mkwe wake, alikuwa na swali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hicho walichokata kimezikwa wapi?"

"Walikichoma, baba."

"Basi hapa kuna kifo kisicho na kaburi. Utakaa meeta."

Kijiji kizima cha Bashay kilishangaa. Meeta, kule kutengwa kwa aliyeguswa na kifo, ni ya mjane, ya mama aliyefiwa na mtoto, ya mimba iliyoharibika. Ya titi, nani aliwahi kuisikia? Ila ng'ombe wawili wa mzee walikuwa wamekufa mwezi ule, na mwenye boma akishasema, amesema. Hilaria akahamishiwa kibanda cha nyuma, na kibuyu chake cha peke yake, na njia yake ya maji. Siku nyingine aliamini kwamba mzee amesema kweli, kwamba lile titi linamtafuta.

Juni, muuguzi Rogathe wa hospitali alipiga simu: wageni wamefika, wanakaa siku tatu tu. Nicodemo, mumewe, aliuleta ujumbe akiwa amesimama ng'ambo ya zizi.

"Baba hajakufungua meeta," alisema.

"Mwambie nitakufa."

"Nimemwambia."

Walimfungua Septemba, kwa kondoo na pombe. Kesho yake alikwenda hospitali, ngozi imeshakuwa nyekundu, ya moto. Rogathe aliitazama, akampeleka kwa Bwana Sulle, mratibu wa mradi ule wa madaktari wageni.

"Mradi umefungwa, mama. Wageni hawarudi."

"Na huu mfuko?"

"Si kifaa chetu. Daktari wetu akiugusa ukaharibika, nani atajibu? Uende Dar."

"Dar nitafikaje, mwanangu?"

Sulle alisogeza karatasi na kidau cha wino. "Hawa ni wanawake arobaini waliokamilishiwa matibabu. Wewe ni wa arobaini. Weka dole gumba hapa."

"Mimi sijakamilishiwa."

"Ukikataa, mama, wafadhili hawaleti mradi mwingine. Wenzako watakosa kwa sababu yako."

Hilaria alimtazama Rogathe. Rogathe alikuwa akikunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa. Basi akaweka dole gumba.

Sulle alimfuta wino kwa pamba, taratibu, kwa adabu zote. Kisha akamsimamisha ukutani na kuinua simu yake.

"Tabasamu kidogo, mama. Nyoosha kifua, yaonekane yote mawili."